Mchawi wa hoho alikuwa kisimani

 

Leo sina nafasi ya porojo nyingi, kwa sababu kuna bwana mmoja wa Kibaha ameniletea ujumbe mrefu kama wosia. Anasema amestaafu, kiinua mgongo kimetoka, ana nusu eka nyuma ya nyumba na kisima ameshachimba. Anataka kuweka dripu alime pilipili hoho. Swali lake ni moja tu: anunue mipira ya unene gani, na iliyotoka nchi gani?

Mzee wangu wa Kibaha, shikamoo. Usinunue kwanza. Kaa chini nikusimulie ya shemeji yangu, maana yeye alinunua kwanza akauliza baadaye, na nusura mtaa mzima ugombane.

Shemeji yangu huyu ni mke wa kaka mkubwa, mama mwenye akili ya biashara kuliko ukoo wetu mzima. Ana kiwanja Kigamboni, upande wa baharini, pale ambapo usiku ukitulia unasikia mawimbi. Mwaka juzi aliona jinsi hoho zinavyopanda bei kiangazi kikikaza, akajifunga kibwebwe. Akiba yake ya miaka ikaingia kwenye kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine. Kisha akachukua mkopo wa kikoba, shilingi 1,800,000, ukaishia kwenye tanki, mipira ya dripu, mbegu na vibarua. Miche 1,200 ikaingia shambani, imenyooka mistari utadhani wanafunzi wako paredi.

Kijana aliyemfungia dripu alimpa maelekezo mafupi: "Mama, wewe fungulia dakika 20 kila asubuhi, basi. Dripu haitaki mambo mengi, inaokoa maji."

Siku ile ile mipira inatandazwa, mzee jirani mwenye minazi alipita, akasimama nje ya ua, akatazama, akasema, "Mwanangu, maji ya huko chini hayaivishi maharage." Kisha akaenda zake.

Shemeji akanipigia simu anacheka. "Shem, hujaona kijicho? Watu hawapendi maendeleo!"

Basi bwana. Wiki nne za mwanzo mambo yalikuwa safi. Wiki ya tano kingo za majani ya chini zikaanza kuwa za kahawia, mfano wa karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Miche ikadumaa. Maua yakawa yanapukutika. Vitunda vichache vilivyoshika vikatoa kidonda cheusi kitakoni, ukikigusa kimebonyea.

Mama wa watu akakimbilia duka la pembejeo. Akauziwa dawa ya ukungu, akapiga, hakuna kitu. Akaambiwa mimea ina njaa, akauziwa mbolea ya kukuzia, akaweka mara mbili. Hapo ndipo kasheshe likaanza, majani yakazidi kuungua.

Halafu usiku mmoja kikanyesha kimvua kidogo, cha kulowesha vumbi tu. Asubuhi yake nusu ya shamba imelala chini.

Hebu jiweke kwenye nafasi yake. Mvua ni baraka, hata mtoto wa chekechea anajua. Sasa mvua inyeshe, mimea ife? Huyo si mdudu huyo, huyo ni mtu! Na mtu mwenyewe nani, kama si yule aliyesimama nje ya ua akatamka maneno ya maharage? Shemeji akaacha kumsalimia mzee wa watu. Akipishana naye njiani anageuza uso. Akaelekezwa mganga mmoja huko Mbagala, akatajiwa shilingi 350,000 na kuku mweusi.

Kaka alipoona mambo yamefikia kwenye kuku, akanipigia.

Nikaenda Jumamosi. Nilivuka na pantoni ingawa daraja lipo tangu 2016, mimi bado napenda ule upepo. Shemeji akanikaribisha chai. Chai nzuri, ya mchaichai. Nikamuuliza, bila nia yoyote, kama maji ya chai ni ya kisima chake.

"Wee! Haya nanunua kwenye madumu. Ya kisimani yana ukakasi, hayanyweki. Hata sabuni haitoi povu."

Nikaweka kikombe chini.

"Shemeji, maji usiyokunywa wewe ndiyo unawapa wale watoto wachanga?"

Akanyamaza. Tukaenda shambani. Dripu zinadondosha vizuri kabisa, kila shina na tone lake. Lakini ukiangalia udongo, kulizunguka kila tone kuna duara lenye unyevu, na pembeni ya duara hilo kuna ukoko mweupe. Nikabandua kipande nikaonja. Chumvi, msomaji wangu. Chumvi kabisa, ya kutia kwenye mchuzi.

Nikamwambia tusihukumu kwa ulimi, tupime. Na hapa, mzee wa Kibaha, toa kalamu yako. Tuliwasha pampu ikavuta nusu saa nzima kabla ya kukinga, ili tupate maji ya kisima chenyewe na si yale yaliyolala ndani ya bomba. Chupa ya plastiki safi tukaisuuza mara tatu kwa maji yale yale, tukajaza hadi shingoni, tukafunga, tukaandika tarehe na jina la kisima. Nikampelekea bwana shamba mmoja mwenye kifaa kidogo cha mkononi, urefu wake hauzidi kalamu nene. Kifaa hicho kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, maana chumvi ikizidi umeme unapita kwa urahisi zaidi. Kipimo chenyewe kinaitwa EC, na namba zake ni za desisimensi kwa mita. Jina refu hilo wewe liache, shika namba. Kifaa kingine kitakuonyesha 1,500 badala ya 1.5. Ni kitu kile kile, gawa kwa 1,000.

Ya shemeji ilisoma 3.1.

Sasa ni nyingi au ni kidogo? Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa kitabu cha maji ya kilimo, toleo lake la mwaka 1985 ndilo mabwana shamba wanalotegemea mpaka leo. Humo pilipili imewekewa hesabu yake. Maji ya 1.0 kushuka chini, mavuno kamili. Ya 1.5, unapata asilimia 90. Ya 2.2, asilimia 75. Ya 3.4, nusu tu. Ukifika 5.8 huna mavuno, umelima mapambo. Na hesabu hizo ni za mkulima anayemwagilia kwa ukarimu, maji yanayozidi yashuke na chumvi chini ya mizizi.

Kwa hiyo hata angefanya kila kitu sawasawa, kwa 3.1 shemeji alikuwa anaelekea kukosa zaidi ya mavuno mawili katika kila matano. Na hakufanya sawasawa.

Nikapiga hesabu nyingine nyuma ya bahasha, hiyo ndiyo iliyomkalisha chini. Maji ya 3.1 yana karibu gramu 2 za chumvi kwa lita. Kila shina lilikuwa linapata kama lita 1.5 kwa siku, kwa hiyo gramu 3. Siku 60 ni gramu 180 kwa shina. Zidisha kwa mashina 1,200: kilo 216. Magunia manne ya kilo 50 na ushee, msomaji. Angelikuta jirani anabeba magunia manne ya chumvi usiku anayamwaga shambani kwake, angeita polisi. Yeye aliyamwaga mwenyewe, asubuhi asubuhi, tena kwa umeme wa kulipia.

Nataka nieleweke hapa, maana wapo watakaosema nimeitukana dripu. Sijaitukana. Dripu ni kitu cha maana, na kwa maji yenye chumvi kidogo inaizidi ndoo na hata ile mipira ya kurusha maji juu, kwa kuwa hailoweshi majani yakaungua. Waliyoieneza duniani ni Waisraeli, watu wa jangwani. Mhandisi Simcha Blass alishirikiana na kijiji cha Hatzerim wakaanzisha kampuni ya kuitengeneza mwaka 1965. Huko kwao kwenye bonde la Arava wanalima hoho za kuuza Ulaya kwa maji ya visima yenye chumvi ya kukaribiana na ya shemeji. Wanawezaje? Wanamwaga maji mengi kuliko mmea unavyohitaji, makusudi, ili yanayozidi yaisukume chumvi mbali na mizizi. Jangwani kabisa, na wanamwaga!

Ndiyo maana ile "dakika 20 basi" ilikuwa sumu. Mmea unakunywa maji, chumvi hauinywi, unaiacha. Jua nalo linakausha maji, chumvi linaiacha. Ukimwagilia kiasi cha kukata kiu tu, hakuna maji yanayobaki ya kuisukuma, na kila siku inaongezeka. Kwa maji ya 1.5 hivi unaongeza kama sehemu 1 juu ya kila sehemu 5 unazomwagilia. Maji yakiwa mabaya zaidi unaongeza zaidi, na inafika mahali hailipi.

Na kile kimvua? Kumbe bwana, ndicho chenye siri yote. Tone la dripu linapodondoka linaisukuma chumvi nje, inakaa pembeni ya duara, ndiyo ule ukoko. Mizizi iko katikati, salama kiasi. Kimvua kidogo kikija, kinayeyusha ule ukoko na kuurudisha ndani kwa mizizi. Shemeji, kwa kuwa mvua imenyesha, asubuhi ile hakufungulia dripu. Alijua anaokoa maji. Mvua ndogo ikinyesha kwenye shamba la namna hii, unatakiwa ufungulie dripu hapo hapo, mvua inanyesha na dripu inadondosha, mpaka watu wakuone una kichaa. Mvua kubwa haina neno, hiyo inaosha hadi chini.

Kidonda cha kitakoni nacho si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa madini ya kalsiamu, mara nyingi kwa sababu mizizi inashindwa kuvuta maji vizuri. Mbolea ya kukuzia aliyoongeza ni chumvi nyingine juu ya chumvi. Ukiona kingo za majani zinaungua, usikimbilie mbolea. Pima kwanza.

Nikamaliza kueleza yote hayo, nikadhani kazi imekwisha. Shemeji akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: "Sasa mbona mzee minazi yake, na mapapai, na nyanya za bibi yake zinastawi, na tumepakana ua?"

Minazi haihesabiki, mnazi ni mtoto wa pwani. Lakini mpapai na nyanya? Nikachukua chupa ya pili, nikaenda kwa mzee peke yangu kuomba maji ya kupima. Kisima chake ni cha kuchimbwa kwa mikono miaka mingi iliyopita, kina kama cha mita 7, anavuta kwa ndoo na kamba. Kifaa kikasoma 0.9.

Hapo nilibaki mdomo wazi, mpaka bwana shamba aliponifafanulia. Ufukweni, maji matamu ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari huko huko ardhini, maana maji ya bahari ni mazito zaidi. Tangu mwisho wa miaka ya 1800 wataalamu wa Ulaya walishaiwekea hesabu: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabebana na kama mita 40 zilizo chini ya usawa huo. Ukivuta kwa nguvu ukaishusha ile mita 1, chumvi ya chini inaanza kupanda. Na ukichimba kirefu sana, unaipita akiba tamu unaifuata chumvi mwenyewe. Mama wa watu amelipa kwa mita, na kila mita aliyoongeza ilizidi kumharibia.

Mzee aliyajua haya bila kifaa. Alisema "maji ya huko chini". Sisi tulisikia maharage tu.

Sasa ikabaki kazi ngumu kuliko zote, kuomba radhi. Shemeji alizunguka nayo siku tatu. Siku ya nne akanunua sukari kilo 2 na doti ya khanga kwa ajili ya bibi, akaniomba nimsindikize. Tukamkuta mzee anasuka ukili barazani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umepotea sana, na ua ni mmoja."

Shemeji akapiga magoti, machozi yakamtoka, akasema nimekuja kuomba radhi na kuomba maji, nilikudhania vibaya. Mzee hakuacha kusuka. Akasema, "Mimi nilisikia anatafutwa kuku mweusi hapa mtaani. Nikamwambia mke wangu, wetu usimuuze, asije akatumika kunichinjia mimi mwenyewe."

Tulicheka mpaka bibi akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Lakini nilimtazama mzee usoni, na nakwambia msomaji, alikuwa ameumia. Wazee wangapi nchi hii wameitwa wachawi, wengine wakauawa, kwa mambo ambayo chupa moja ya maji ingeyamaliza?

Maji alitoa, kwa masharti. Pampu iwe ndogo, ivute saa 1 tu asubuhi, na ladha ikibadilika wasimame. Mimi nikaongeza la kwangu: kupima kila mwezi, na zaidi mwishoni mwa kiangazi, maana kisima kinachosoma vizuri baada ya masika kinaweza kukugeuka mvua zikikatika. Anayepima wakati wa mvua pekee anajidanganya.

Shemeji alisubiri masika yaoshe shamba, kisha akapanda upya hoho 400 tu, zinazotosha kwa maji ya mzee. Sehemu iliyobaki, kwa maji ya kisima chake mwenyewe, kaweka ile spinachi yetu ya sokoni, ambayo kwa ukoo ni ndugu wa biti na inavumilia chumvi mara nyingi kuliko hoho. Haina bei ya hoho, lakini kila siku kuna mafungu yanatoka. Mkopo bado anaudaiwa. Kikoba kimemsogezea marejesho miezi mitatu, baada ya maneno makali kutoka kwa mwekahazina ambayo siwezi kuyaandika kwenye gazeti la familia.

Nirudi Kibaha. Mzee wangu, usije ukasema wewe uko mbali na bahari. Chumvi ya kisima haitoki baharini peke yake, hata miamba na udongo wa bara vinaitoa. Na si chumvi tu. Kinga maji kwenye ndoo nyeupe uyaache hadi kesho yake. Yakitoka meupe halafu yakageuka rangi ya kutu, hayo yana madini ya chuma, na hicho ndicho kinachoziba vitundu vya dripu. Dawa yake ni kuyaangusha kwenye tanki kutoka juu yapate hewa, yatulie usiku kucha, uchukue ya juu na kuyapitisha kwenye chujio. Birika lako likiota magamba meupe ndani, ujue magamba hayo hayo yataota kwenye mipira. Kila wiki fungua ncha za mipira, maji yatoke kwa nguvu yasukume uchafu. Kazi ya nusu saa, na wengi hawaifanyi.

Maabara za maji za serikali zipo, na wataalamu wa udongo wapo Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro na kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga. Ukiwapelekea chupa yako waombe wakupimie EC, sodiamu, kloridi, bikaboneti na chuma. Waambie ni kwa ajili ya hoho, usiseme tu "nataka kupima maji", watakupimia ya kunywa. Gharama yake ukiiweka pembeni ya bei ya dripu ya nusu eka, utaona ni ya vocha.

Namba ikitoka nitumie, ndipo tuzungumze unene wa mipira. Na yule msomaji wa Tandika aliyeuliza kuhusu kuku wa mayai wanaodonoana mikia, sijakusahau mama, ni wiki ijayo.